Tairi Lililoacha Nyayo

Jumatatu moja ya mwaka 1943, saa mbili asubuhi, Lwakatare, tarishi wa ofisi ya Bukoba, aliiegemeza baiskeli yake kwenye kibanda cha fundi Muharami, akamwomba tairi la nyuma ambalo halitaisha.

"Kila tairi huisha, bwana," alisema Muharami.

"Basi nipe linalochelewa."

Baiskeli ile iliachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Haikuwa na breki, na pedeli zake hazikujua kupumzika. Gurudumu likizunguka, nazo zinazunguka. Mlimani unazikanyaga wewe, mteremkoni zinakukanyagisha zenyewe. Ukitaka kusimama unakaza miguu na kuzigomea, mpaka gurudumu la nyuma liburuze juu ya changarawe. Kwa hiyo tairi la nyuma lilikuwa likilika upande mmoja, na kila baada ya wiki sita Lwakatare aliona nyuzi zikichungulia.

Halikuwa jambo dogo hata kidogo. Vita vilikuwa vimemaliza mpira wote, na serikali ilikuwa ikichukua wanaume kwenda kuugema katika kambi za mashariki, mbali kabisa, safari ya meli kisha treni. Tarishi mwenye baiskeli inayotembea hakuchukuliwa. Tarishi ambaye baiskeli yake imelala siku kumi na nne aliandikwa kwenye orodha kama wenzake. Mdogo wake Lwakatare, Kaijage, alikuwa ameshakwenda, na aliyempelekea barua ya wito alikuwa Lwakatare mwenyewe, kwa kuwa kijiji chao, Buganguzi, kilikuwa kwenye njia yake. Tangu siku hiyo Lwakatare alikuwa mwoga. Aliogopa asubuhi akiminya tairi, aliogopa njiani akisikia jiwe limelia chini ya rimu, na jioni aliogopa bila sababu.

Muharami alipanga matairi matatu kwenye mkeka. La kwanza lilikuwa limeshonwa vipande vipande.

"Hili litakufikisha Maruku," alisema. Akasukuma la pili, lililojazwa nyasi kavu badala ya upepo. "Hili Muleba utafika, ila makalio utayaacha njiani."

La tatu lilikuwa jeusi, zito, halina jina la kiwanda. Muharami alilikunja, likajikunjua. Alilibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuacha alama. Alilinusa, akageuza uso.

"Hili haliishi. Nilimfungia mwenzio mmoja, akalirudisha baada ya siku mbili."

"Lina kasoro gani?"

"Linaacha nyayo."

"Za nini?"

"Za watu, bwana. Za nini tena?"

Lwakatare alifikiri kidogo. "Lakini linashika?"

"Kama kupe."

"Basi funga."

Akaondoka na barua zake. Gurudumu la mbele lilichora mstari wake wa kawaida. La nyuma liliacha nyayo za wanaume, peku, zimefuatana kwa karibu kama watu wanaokwenda foleni. Penye tope hazikuzama. Lwakatare aligeuka mara moja akaziona, halafu akaacha kugeuka.

Karibu na Maruku jozi moja ilitoka barabarani, ikaruka mfereji, ikaingia kwenye kibanja cha Benadetha, shamba lililozunguka nyumba yake. Mume wake Benadetha alikuwa kambini mwaka wa pili. Nyayo zilipita kati ya migomba mpaka mlangoni, zikaishia hapo. Za kurudi hazikuwepo. Benadetha aliinama, akapima kisigino kwa kiganja chake, akakijua. Akatandika nyasi mbichi ndani ya nyumba, akaweka punje za kahawa ya kutafuna juu ya jani la mgomba kizingitini, kama anavyowekewa mgeni yeyote. Ndipo akaketi chini akalia kwa sauti.

Majirani walikuja msibani. Hakuna aliyeuliza nyayo zimefikaje. Waliuliza kama marehemu amepokea kahawa. Kesho yake asubuhi punje zilikuwa zimetafunwa, na maganda yametemwa pembeni kwa adabu, wakasema amepokea.

Habari zilifika ofisini. Karani Rugaibula, mtu msafi sana, aliyekata kucha kila Jumamosi, alifungua jalada.

"Kambi haijaleta hati ya kifo," alisema. "Asiye na hati hajafa. Na kama hajafa, na amefika nyumbani, ni mtoro. Nyumba ya mtoro inatoa mwanaume mwingine."

"Karani, waitu, hizo nyayo hazizami kwenye tope," alisema Lwakatare kwa unyenyekevu.

"Fomu haina mahali pa kuandika hilo."

Akapiga muhuri. Ijumaa Lwakatare alipeleka barua Maruku, na shemeji wa Benadetha, ndugu wa mumewe, akachukuliwa. Jumatatu iliyofuata Lwakatare alirudi kwa Muharami kubadilisha tairi, lakini yale mawili yalikuwa yameshachukuliwa, hata lile la nyasi. Akarudi barabarani na lile jeusi. Nyayo ziliendelea kuingia vibanjani, na karani aliendelea kuandika.

Hapo Lwakatare aliogopa kwelikweli. Nyumbani kwao Buganguzi walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama yake, Kokuhirwa. Mwanaume wa kutolewa alikuwa mmoja. Kila alipokaribia mteremko wa kwao, aliteremka mapema, akaiweka baiskeli begani, akaipitisha nyumba ya mama yake kwa miguu, tairi lisiguse ardhi. Alikuwa hamsalimii mama yake. Wiki ya tano alimkuta amesimama njiani, kanga ameikaza kiunoni.

"Baiskeli siku hizi ndiyo inayokupanda wewe?" aliuliza Kokuhirwa.

"Imeharibika, Mae."

"Muongo. Unamzibia mdogo wako njia."

Lwakatare alitazama chini. "Akifika, watanichukua mimi."

"Najua. Lakini huko aliko hana hata wa kumpa punje ya kahawa. Mwanangu huyo. Na wewe ni mwanangu. Sasa mimi nifanyeje?"

Kokuhirwa akafuta macho, akashika gurudumu la nyuma, mwanawe akashika usukani, wakaibeba baiskeli pamoja mpaka ng'ambo ya kibanja. Wakafanya hivyo kila wiki.

Kisha mvua kubwa ikanyesha siku tatu. Siku ya nne Lwakatare alifika juu ya mteremko wa Buganguzi saa tisa alasiri, akakaza miguu ili asimame mahali pake pa kila siku. Tairi la zamani lingeburuza na kusimama. Hili halikuburuza. Lilishika udongo likazidi kuzunguka, na pedeli zikaichukua miguu yake zikaikimbiza.

"Simama!" alipiga kelele. "Jamani, simama!"

Akajitupa mferejini. Baiskeli haikuanguka. Iliteremka peke yake, pedeli zikipanda na kushuka taratibu kama zinakanyagwa na mtu asiye na haraka, ikakata kona, ikaingia kibanjani, ikajiegemeza kwenye ukuta wa Kokuhirwa.

Lwakatare alifika akichechemea. Nyayo zilikuwa mlangoni. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Kidole hicho kiliharibiwa na funza, Kaijage akiwa na miaka saba, na aliyekuwa akimtoa funza kwa mwiba, huku akimtania asilie, alikuwa Lwakatare.

Kokuhirwa alitoka na nyasi mkono mmoja, ufagio mkono mwingine. Akampa ufagio.

"Fagia," alisema. "Fagia, baba, kabla watu hawajapita. Wewe ndiye uliyebaki."

Lwakatare aliuweka ufagio kwenye unyayo wa kwanza. Kisha akausimamisha ufagio nyuma ya mlango.

"Amechoka," alisema. "Mpe kahawa."

Kokuhirwa akaleta jani. Lwakatare alichukua punje mbili, moja akaitafuna, nyingine akaiacha mbele ya nyayo. Wakalia. Majirani wakasikia wakaja, na baada ya siku tatu karani Rugaibula akasikia pia.

"Lakini baiskeli yangu inatembea," alisema Lwakatare alipoitwa ofisini.

"Inatembea vizuri sana," alikubali Rugaibula. "Itabaki. Barua inataka mwanaume."

Kwa kuwa barua ilikuwa ya Buganguzi, na Buganguzi ilikuwa njia yake, Lwakatare aliipeleka mwenyewe, akamsomea mama yake. Jumamosi akapanda meli na wenzake thelathini. Alishika ukingo wa meli mpaka mji wa Bukoba ukapotea machoni.

Baiskeli alipewa Ishengoma, kijana mwenye mapaja manene, aliyefurahi mno kupata kazi ya kumwepusha na orodha. Muharami alimweleza habari za nyayo. Ishengoma akauliza kama tairi linashika.

Miezi kumi na moja baadaye, mchana wa jua, Ishengoma aliteremka mteremko wa Buganguzi na jozi moja ikatoka nyuma yake, ikaingia kwenye kibanja cha Kokuhirwa. Ilikuwa na vidole vyote kumi. Ilikanyaga zaidi kwa mbele kuliko kisiginoni, kama mtu aliyezoea pedeli. Kokuhirwa hakupima. Alikuwa na nyasi tayari, maana kwa miezi yote hiyo alikuwa akizibadilisha kila asubuhi. Akachuma jani la pili, akaliweka kando ya lile la Kaijage.

Alipofika Muleba, Ishengoma alifunga taarifa yake ya ofisini ndani ya bahasha: nyumba ya Kokuhirwa, mtoro wa pili, hakuna mwanaume mwingine. Kisha akainama, akalibonyeza tairi kwa ukucha. Halikuwa limelika hata kidogo. Akapanda, kwa sababu alikuwa na barua saba za kufikisha kabla jua halijazama.