Mwendo wa Bibi Harusi

Simu ililia Malek akiwa jikoni, anapeta mchele. Ilikuwa mchana wa mwezi wa Oktoba, na alidhani ni mumewe, Zulfikar, anapiga kutoka Uskoti kumwambia kama amepata kulungu au amekosa. Kumbe ni Chandrakant, rafiki wa mumewe, aliyefuatana naye huko.

"Shemegi, kaa kitako kwanza," Chandrakant alisema.

Malek hakukaa. Alisikiliza amesimama, ungo mkononi, akaambiwa kwamba Zulfikar ameanguka mlimani na roho yake imetoka.

Zulfikar alikuwa mwindaji tangu ujana. Kule Unguja alijifunza kwa baba yake kuwinda paa. Walipohamia London baada ya mapinduzi, akafungua duka la miwani, na kwa miaka mingi hakugusa bunduki. Halafu mteja mmoja akamhadithia habari za milima ya Uskoti na kulungu wake wakubwa, wenye pembe za matawi. Tangu hapo, kila mwaka ukiingia msimu, Zulfikar aliifuta bunduki yake ndefu yenye darubini, na Chandrakant akaendesha gari kutoka mtaani kwao Queensbury mpaka huko. Chandrakant ni Mhindu asiyekula nyama wala yai. Kazi yake mlimani ilikuwa kubeba chupa ya chai na kumcheka mwenzake akiteleza kwenye matope.

Bunduki ile ilipiga mbali, na umbali huo ndio uliomtia Malek hofu. Sheria ya dini aliijua vizuri: mwindaji akitaja jina la Mungu, risasi ikamuua mnyama, nyama ni halali. Lakini akimkuta bado yu hai na nafasi ipo, lazima amchinje. Basi Zulfikar kila akifyatua alikuwa akikimbia, kisu kiunoni, bonde kwa bonde, asije akachelewa. Akirudi nyumbani hujisifu, "Nimekimbia kama kijana!" Mwaka ule daktari wa moyo alikuwa amemkataza hata kukimbilia basi. Malek alimsihi asiende, naye akamjibu, "Naapa sitakimbia, mama." Akaenda. Akarudi ndani ya sanduku.

Ndiyo maana siku chache baada ya maziko, Chandrakant alipobisha hodi na maboksi ya nyama ya kulungu aliyepigwa na Zulfikar siku ile, iliyokatwa na kufungwa vizuri, Malek hakumkaribisha.

"Siitaki," alisema. "Ipeleke unakojua." Akafunga mlango.

Watu waliona ni uchungu tu wa msiba. Kilichomtafuna hasa kilikuwa hasira. Aliamini mumewe amekivunja kiapo, amekimbia akafa, amemwacha kwa ajili ya nyama. Akikaa kumsomea marehemu, ulimi unasoma na moyo unagombana naye. Makaburini hakuwa amekwenda hata mara moja.

Arobaini ilipokaribia, alikutana na Damyanti, mke wa Chandrakant, mbele ya duka la mboga.

"Malekbai, nionee huruma," Damyanti alisema, akimshika mkono. "Friza yangu imekuwa bucha! Mie nyumbani kwangu yai halijapata kuingia, leo nikienda kuchukua mbaazi napishana na mguu wa mnyama. Namwambia mume wangu tupa, anasema hatupi."

"Kwa nini hatupi?"

"Muulize mwenyewe. Anasema ndiyo kazi ya mwisho ya Zulfu."

Jioni ile Malek alikwenda kwao. Chandrakant aliinuka upesi kama mtu anayengojea kukemewa.

"Shemegi, najua nilikosea kuleta nyama kwenye nyumba yenye matanga. Nisamehe."

"Sikuja kwa hayo. Chandubhai, niambie kweli, usinipake mafuta. Zulfu alikimbia?"

"Kukimbia?" Chandrakant alimtazama kwa mshangao. "Hasha. Nani kakwambia?"

"Kila mwaka alikuwa akikimbia."

"Mwaka huu hakukimbia." Akakaa. "Tulilala kifudifudi kwenye majani, mvua inatunyea. Yule Mskoti aliyetuongoza alituonyesha dume mmoja peke yake, mzee, pembe nzito. Zulfu akangoja mpaka miye miguu ikafa ganzi. Halafu akasema bismillahi, Allahu akbar, kwa sauti, namsikia hivi. Akatoa pumzi, akafyatua. Kulungu akaanguka palepale alipo. Mskoti akatazama kwa darubini, akasema amekwisha, hana hata mtikisiko. Zulfu akaweka bunduki chini. Akaniambia..."

Akamtazama mkewe.

"Alikwambia nini?"

"Mzaha tu, shemegi. Mzaha wa marehemu mtu haupeleki matangani. Niliona haya."

"Nipe mimi huo mzaha. Ni wangu."

"Alisema, 'Chandu, leo twende mwendo wa bibi harusi. Na Malek akikuuliza, mwambie hata ushungi haukunitoka.'"

Damyanti aliziba mdomo kwa ncha ya sari. Malek aliangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho hakukijua kinatoka wapi, na katikati yake machozi yakaja.

"Akaenda hivyo?"

"Hivyo hivyo. Anakanyaga kama anaogopa kuchafua hina. Miye nilimpita nikamngoja. Alipofika akamfungua mdomo yule kulungu, akanionyesha meno yalivyolika. 'Mzee mwenzangu,' akasema, akampapasa shingo. Akakaa ubavuni pake, akaomba chai. Nikageuka kumimina. Nilipogeuka tena, alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani kapitiwa na usingizi."

Malek alijifuta uso kwa mtandio.

"Kesho niletee hiyo nyama," alisema mwishowe. "Yote. Itapikwa pilau kwenye arobaini yake, na wewe nitakupikia mbatata."

"Sufuria mbali?"

"Sufuria mbali, kijiko mbali. Tangu lini nikakupikia vingine?"

Siku hizi, kila Alhamisi alasiri, Malek hupanda basi kwenda makaburini kumsomea mumewe, na hurudi kabla ya magharibi.