Isale la Mpakani

Nalala mchana kweupe katikati ya mahindi, na isale, ule mmea wetu wa mpakani, nimelishika mkononi. Nimeling'oa mwenyewe sasa hivi, kwenye mstari wa masale yanayotenga shamba langu na la wifi yangu Aikaeli, dada wa marehemu mume wangu, aliyerudi kwao miaka saba iliyopita ndoa ilipomshinda akapewa nusu ya shamba nililokuwa nalilima miaka kumi na tisa. Tena nusu ya juu, unakopita mfereji. Mahindi yake yananizidi kimo, yangu yananifika kiunoni. Basi nasema wazi wala sioni haya: namwonea wivu. Nayaonea wivu mahindi yake, mgongo wake ulionyooka, hata kicheko chake. Nimekusudia kulisogeza isale hatua tatu upande wake kabla hajarudi sokoni, lakini jua ni kali, nimechoka, nasema nijinyooshe kidogo tu kwenye kivuli, na kivuli kinafunguka kama mlango, naingia.

Ndani ni mistari ya mahindi isiyo na mwisho. Natembea, mstari unageuka njia, njia inageuka mstari, nafika mji ambao upande mmoja ni kioo cha upande wa pili: nyumba na ghala, ghala na nyumba, na kila mlangoni yupo mwanamke anayemchungulia mwanamke wa mlango wa ng'ambo, na huyo ni mimi, na yule anayechunguliwa pia ni mimi. Nawasalimu, wanaendelea kuchungulia. Mtu mmoja anakuja kunipokea, shingo anayo, masikio anayo, lakini uso hana, mahali pale ni laini kama kibuyu. Namuuliza, njia ya kutoka ni ipi? Anasema, ni ile uliyoingilia kabla hujazaliwa. Namuuliza, na uso wako uko wapi? Anasema, uliufukia wewe, pamoja na mbegu. Nakasirika. Mimi nina kazi yangu nimeiacha, sina muda wa mafumbo, lakini ameshatangulia na miguu yangu inamfuata bila kuniuliza.

Tunatembea kurudi nyuma, sijui nisemeje vinginevyo. Plau inageuka jembe la mkono, jembe linageuka kijiti, mistari inapungua, maghala yanazama ardhini, na mwishowe pana nyasi tu, na watu wameketi kwenye nyasi, jua halijafika utosini nao wamekwisha maliza kazi ya siku. Wamechimba mizizi, wamechuma matunda, wanacheka. Migongo yao! Naitazama migongo yao hadi moyo unauma. Mwanamke mmoja ananikatia nusu ya mzizi wake bila kuombwa, na ana uso wa Aikaeli, na kicheko ni kile kile cha Aikaeli. Namuuliza, bonde hili la nani? Anawageukia wenzake, wote wananitazama usoni, wananitazama kwa muda mrefu, jinsi ambavyo sijatazamwa tangu nimzike mume wangu. La nani, wanarudia, la nani, na wanacheka tena kwa sababu swali halina pa kulishika. Sasa mimi nikiwa na wivu situlii mpaka nipate kasoro, na ninaipata: hakuna kikongwe hata mmoja. Namuuliza yule mwanamke, mama yako yuko wapi? Kicheko kinamkatika. Anasema, alishindwa kutembea. Tulimwachia maji, tukaenda.

Hapo ndipo ninapoharibu, na naharibu kwa kiherehere, kwa kutaka nionekane nina kitu wasichokuwa nacho. Naokota punje za ulezi wa mwituni, nachimba kwa kidole, nafukia. Nasema, kaeni hapa msubiri, hamtamwacha mama wa mtu tena. Wanakaa. Na kule kusubiri ni kupepesa jicho: ulezi unaota, unakomaa, watoto wanazaliwa mmoja mgongoni mwa mwingine, vikongwe wanaota moto mlangoni, nami nafurahi, kweli nafurahi. Napepesa tena na migongo imepinda. Kikohozi kinapita nyumba hadi nyumba kwa sababu nyumba zimebanana. Mvua inakataa mwaka mmoja tu, na hakuna anayekumbuka mizizi ilikuwa inachimbwa wapi. Yule mwenye uso wa Aikaeli amesimama kwenye ulezi wake, na ulezi wake ni mrefu kuliko wa pale nilipofukia mimi, na ananiuliza kwa upole, huu uliofukia wewe tutaula na nani? Naujua upole huo, nimeishi nao ua kwa ua. Wivu unanipanda kuanzia nyayoni. Nafungua kinywa na linatoka neno ambalo hakuna aliyewahi kulisema chini ya jua lile: langu. Shamba hili langu. Nachomeka isale kati yetu. Yeye analionja neno polepole, langu, wa nyuma yake analipokea, langu, langu, mpaka bonde zima linavuma, na kila anayelisema anageuza macho kuangalia ulezi wa mwenzake, mwenzake mwenyewe hamwangalii, na nyuso zisizoangaliwa zinalainika, zinafutika, macho, pua, mdomo. Uso wa Aikaeli ndio wa mwisho. Naushika kwa mikono miwili, nasema, subiri wifi, subiri, na vidole vinateleza. Nalirukia isale nilitoe, linagoma, navuta, linagoma, navuta kwa nguvu zangu zote.

Wifi! Wifi wewe, jua hili litakuua! Nafungua macho. Aikaeli amesimama juu yangu na kikapu kichwani, jua liko nyuma yake hadi siuoni uso wake. Mkono wangu umenyooka kumwelekea, isale limo mkononi, mizizi ina udongo mbichi. Na kwetu Uchagani mtu hamnyooshei mwenzake isale ila kwa jambo moja, kuomba radhi, na aliyenyooshewa hana ruhusa ya kukataa. Aikaeli anatua kikapu, anapiga magoti, analipokea kwa mikono miwili, tayari analia. Basi wifi yangu, anasema, yamekwisha, mwaka wa saba huu nakungoja. Nami badala ya kushukuru namwonea wivu hata hapo, kwamba hata kusamehe ameniwahi. Natupa jicho mpakani nilione shimo nililoliacha. Masale yamesimama yote, pengo silioni. Lakini sema basi kwa mdomo wako, anasema Aikaeli, isale peke yake halitoshi, nimekusamehe lipi? Ulimini limebaki neno moja. Langu, nasema. Anauliza: Langu lipi, wifi? Nautafuta uso wake kwenye lile jua, sijui kama ni yeye au ni yule wa nyasini, sijui kama nimeamka. Kosa na shamba vyote viko kinywani mwangu, na kimoja lazima nikitaje.