Kilichokuwa Ndani ya Mtamba

Wanaume walimwita Klara "Bwana Mifugo" kwa sababu cheo chenyewe hakikuwa na jina la kike, naye aliona haya kuwasahihisha. Asubuhi ile ya mwaka 1975, kwenye boma la Maduhu jirani na Maganzo, aliona haya hata kushika kisu.

Mtamba alikuwa ameshachinjwa. Miaka mitatu alipandwa bila kushika mimba, na Maduhu alikwisha kuamua nani kamfunga kizazi kwa uchawi: Bibi Ghati, mkunga aliyetoka Tarime, ambaye ndiye aliyemvuta ndama huyo siku ya kuzaliwa. Alipewa mpaka jioni awe amehama. Kila mtu alijua yanayompata kikongwe asiyehama.

"Nitawaonyesha ni maumbile tu," Klara alikuwa amemwahidi bibi.

Alipasua nyumba ya uzazi, akafuata mirija hadi mahali pa ovari, zile tezi za mayai. Palikuwa na vinundu viwili vigumu, vyeupe, mfano wa korodani za mwanambuzi.

"Jike lina vya dume," mtu alinong'ona. Watu wakasogea mbali na Bibi Ghati.

"Ahsante, Bwana Mifugo," alisema Maduhu. "Nilidhani kamfunga tu. Kumbe kamgeuza."

Ushahidi ameutoa Klara, kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo somo moja la chuoni, ambalo hakulitilia maanani, likamrudia.

"Baba Limi," alimuuliza Maduhu, "huyu alizaliwa peke yake?"

"Pacha. Mwenzake dume, tulimuuza."

"Basi ndiyo sababu. Ng'ombe wakiwa mapacha, kondo zao za nyuma huungana, damu inapita huku na huku. Ya dume ilimfikia dada yake mapema, ovari ndiyo kwanza zinajiunda, zikakwama, zikafanana na za dume. Bibi alipomshika, mambo yalishaharibika zamani tumboni."

Maduhu hakuwa akimtazama tena ng'ombe. Alimtazama binti yake Limi, ambaye posa yake ilikuwa imeshapokelewa, amesimama uani na pacha wake wa kiume, Makoye.

"Na hawa wangu?"

"Kwa watu haitokei hivyo, baba."

"Wewe ulikuwepo?" Akamgeukia aliyekuwepo, Bibi Ghati, aliyewazalisha pacha hao. Akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Mayu, mama yangu, kondo zilikuwa ngapi?"

"Mbili," Bibi Ghati alijibu palepale. "Mbalimbali kabisa. Nilizizika mwenyewe. Sasa niambie, nihame?"

Maduhu aliuinua mzigo wa bibi uliokwisha kufungwa kwa safari, akaubeba mwenyewe kuurudisha nyumbani kwake. Watu wakampisha, midomo wazi.

Klara alimfuata bibi kwa nyuma. "Bibi, umri wote huo, unakumbuka kweli zilikuwa mbili?"

"Ilikuwa moja, mwanangu. Kubwa kama ungo." Bibi Ghati hakupunguza mwendo. "Si umesema kwa watu haina neno?"