Lango Lililosahau Vioo

Kosa lilikuwa la kipimo, na alilifanya mwenye lori mwenyewe, mtu aliyesifiwa na madereva wenzake kwa jicho lake. Siku aliyojenga ukuta wa nyumba alipima upana wa bodi ya lori kwa kamba, akaongeza shubiri kila upande, akasimamisha nguzo za lango na kujipongeza. Saruji ilipokauka alilileta lori nyumbani kwa mbwembwe, akipiga honi tangu kona ya mwisho, ndipo akagundua kwamba bodi inapita lakini vioo vya pembeni havipiti. Alikuwa amevisahau kabisa. Mkewe, aliyekuwa na mimba ya kitindamimba, alicheka mpaka akakaa chini, na majirani wakahofia mtoto angezaliwa palepale langoni.

Mtu mwingine angevunja nguzo moja yakaisha. Yeye alishuka, akakunja vioo, akaingia hivyo hivyo. Kuingia hakukuwa na taabu, maana kichwa cha gari ndicho kilichotangulia. Kazi ilikuwa kutoka kwa rivasi, vioo vimekunjwa, dereva haoni nyuma hata chembe. Hapo ndipo familia nzima ilipoajiriwa kuwa vioo. Mama alipewa nguzo moja, mtoto wa kwanza nguzo ya pili, na yule kitindamimba, alipopata akili ya kusimama mahali akatulia, akawekwa ng'ambo ya barabara kuangalia wapita njia. Kwa sauti aliyokuwa nayo binti yule, baba alimwita Honi, na jina likamganda.

Kushoto na kulia vilipigwa marufuku. Siku ya kwanza mama alisema "kulia" akimaanisha kulia kwake, baba akafuata kulia kwake yeye, na nguzo ikapoteza kipande. "Basi," alisema baba, "kuanzia leo ni kwa mama na kwa kaka." Tangu hapo kila safari ilianza kwa makelele yale yale: "Vuta kwa mama! Zidisha! Nyoosha! Rudi kidogo kwa kaka!" Mtaani hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha.

Sasa baba alikuwa ameshafariki, mwaka ulikuwa unakatika tangu azikwe, na lori lilikuwa bado uani. Mama alikuwa amepata mnunuzi. Wiki iliyopita mnunuzi alimtuma dereva wake kulichukua, na mama kwa mazoea akasimama kwenye nguzo yake akapaza sauti, "Vuta kwa mama!" Kijana wa watu akatoa kichwa dirishani, akauliza mama yake anaingiaje katika mambo haya. Kabla hajaeleweshwa, ukuta ulishakwaruzwa. Akazima injini akasema yeye hagusi tena usukani huo mpaka lango livunjwe.

Ndiyo maana asubuhi hii fundi ujenzi alikuwa amesimama uani, nyundo kubwa begani, na kaka, ambaye siku hizi ni mwalimu, alikuwa anamwonyesha nguzo ya kuanzia. Honi aliwakuta hapo. Alikuja na buti zake za kazini, kwani naye alikuwa dereva, wa magari ya mchanga, na kwa miezi kadhaa alikuwa amemsihi mama asiuze.

"Mama, niachie mimi hili lori. Nitalitunza, na kazi zipo."

"Na mimi utaniachia kazi gani? Ya kusubiri?" Mama hakumtazama. "Nimemsubiri baba yenu ujana wangu wote. Kila gari lililopita hapo nje lilinitoa jikoni na mwiko mkononi. Wewe nawe nianze kukusubiri? Masikio yenyewe yamechoka."

Mama hakuwa amedanganya, na Honi alilijua hilo. "Sawa. Basi niache nilitoe tu. Mnunuzi alikute nje. Nguzo za baba zisivunjwe eti kwa sababu ya mtu asiyejua mama yuko upande gani."

Mama alimtazama fundi, akaitazama nyundo. "Ukilikwaruza, nguzo inavunjwa," alisema, akaenda kusimama mahali pake.

Kaka alikunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akashika nguzo yake. Nafasi ya Honi ng'ambo ya barabara haikuwa na mtu, ikabidi apewe fundi.

"Ukiona gari au mtoto, piga kelele."

"Kelele gani?"

"Yoyote utakayoiweza."

Honi alipanda, akakaa kwenye kiti kilichobonyea kwa uzito wa baba, akatabasamu kabla hata hajawasha injini. Baba alikuwa amejaa humo ndani. Mzee Taratibu, ndivyo wenzake walivyomwita, kwa kuwa hata baiskeli zilimpita, naye akisema wote wanaompita huwakuta mbele wamesimamishwa na askari. Alikuwa mchapakazi asiyejua kuegesha akili. Akiwa nyumbani aliweka jiwe nyuma ya mguu wa kochi, lisije likaserereka. Akilala alikanyaga breki usingizini, na pedali ilikuwa mguu wa mama, aliyeamka asubuhi akichechemea na kuuliza jana walinusurika kugonga nini. Honi alicheka peke yake mle ndani, akafuta macho kwa kiganja, akaingiza rivasi.

"Vuta kwa mama!" alianza kaka, kwa sauti ya darasani.

"Wewe nyamaza, usemaji ni wangu!" alifoka mama. "Vuta kwangu, Honi! Zidisha! Nyoosha sasa. Nimesema nyoosha, siyo ulale! Kwa kaka kidogo. Kidogo!"

Lori liliunguruma, likarudi nyuma, likasita. Pembe ya bodi ilikuwa imeikaribia nguzo mno, na Honi akakanyaga breki.

"Unaogopa nini?" mama alipiga kelele, vumbi limemjaa usoni. "Kwani hilo si la baba yako?"

Majirani waliokwisha kujaa barabarani waliangua kicheko. Fundi, asijue achague kelele gani, akapiga mbinja. Honi akaachia breki, akavuta kwa mama, akanyoosha, akarudi kwa kaka, na lori zima likatoka nje bila kugusa kitu. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameegemea nguzo, anacheka huku machozi yanamtoka, na kilemba kimemwangukia shingoni.

"Baba alitutesa kwa kosa lake," alisema kaka, akijikung'uta shati.

"Kosa lilikuwa la siku ile tu," alijibu mama. "Mara ngapi nilimwitia fundi wa kulipanua? Alimrudisha. Alisema, 'Lango likiwa pana nitaingia na kutoka kimyakimya kama mgeni, ninyi mko ndani mmelala. Nataka nikiondoka niwasikie, nikirudi niwaone.'" Alikifunga kilemba chake upya. "Kusubiri sikukupenda hata siku moja. Lakini hapa kwenye nguzo nilikuwa na raha yangu, wanangu. Nilikuwa nimesahau."

Honi alikuwa bado juu, mkono kwenye usukani, injini inanguruma. Fundi alivuka barabara, akaiokota nyundo yake, akakuna kichwa.

"Sasa mama, nivunje nisivunje? Na huyo mnunuzi akija aambiweje?"

"Mimi ni mtu wa nguzo tu," alisema mama. "Muulize dereva."