Mji Niliopewa Mchangani

Barabara yetu hufagiwa mara mbili kila siku, na mfagiaji hajawahi kudai mshahara. Ukikitegua kitendawili hicho, umeshafika Carova, kijiji chetu cha ufuoni. Huku kwetu hakuna barabara nyingine. Ni ufuo tu, bahari upande mmoja na matuta ya mchanga upande wa pili, mpaka uikute lami. Wa shule, wa daktari, aliyeishiwa chumvi, wote hupita pale pale mawimbi yalipotoka kupita.

Mume wangu, Lemuel Twiford, ndiye aliyekuwa akitangulia baada ya kila dhoruba. Hakuna aliyemchagua. Ilitokea tu, kama vile katika kila familia kuna mmoja ambaye kisu cha kukatia nyama hupewa yeye bila kuulizwa. Chini ya mchanga wetu kuna visiki vya msitu wa kale uliomezwa na bahari kabla babu zetu hawajazaliwa. Dhoruba ikija hufukia vya jana na kufukua vingine, vikali kama magego. Basi watu huteremka na magari yao hadi mdomoni mwa ufuo, wakamngoja Lem. Akishapita na pikapu yake iliyoliwa na chumvi, huweka matairi yao juu ya alama za matairi yake. Akipinda, wanapinda.

Mimi nilikuwa dereva wa lami. Ndivyo tulivyogawana tangu tuoane: mchanga wake, lami yangu. Tukifika lami inapoanzia, yeye hushuka kujaza matairi upepo, mimi husogea kwenye usukani. Tukirudi, hupunguza upepo ili matairi yasizame mchangani, nami narudi kwenye kiti changu cha pembeni na chupa yangu ya kahawa. Sikuwahi kuona sababu ya kubadili.

Asubuhi ninayoisimulia, dhoruba ya vuli ilikuwa imepita usiku na maji yalikuwa yamekupwa. Nyuma yetu alisimama jirani yetu Royce Corbell, na wajukuu wake wawili wa kupeleka shule. Nyuma yake magari mengine mawili.

Royce alitoa kichwa dirishani. "Mzee Lem! Leo unatuvusha, au tukalete mashua?"

"Wewe fuata na unyamaze," Lem akamjibu. "Hilo gari lako lenyewe linasukumwa na maombi."

"Maombi ya mke wangu yana nguvu kuliko injini yako, mzee!"

Tukaingia mchangani. Jua lilikuwa linatoka baharini, kushoto kwetu, na mchanga mbichi ulikuwa umenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Nilimmiminia Lem kahawa, nikampa mkate wake wenye kipande cha nyama ya nguruwe, nikaanza mchezo wetu. Ni mchezo wa zamani. Natega kitendawili juu ya kitu kilicho mbele ya kioo, naye anategua. Jibu lazima lionekane. Ndiyo sababu huwa hashindwi, ingawa hujidai kwamba ni akili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyanya kafua nguo zake zote, sabuni kaisahau ufuoni."

"Povu," akasema mdomo umejaa mkate. "Hicho cha watoto. Lete cha watu wazima."

Nikatazama mbele. Farasi wetu wa mwituni walikuwa wamesimama majini, watano, maji magotini, wakikimbia mbu wa baada ya mvua. Walikuwa karibu kiasi cha kuwahesabu masikio.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi wee."

"Wazee wananawa miguu, wala hawakunji suruali."

Lem akatafuna. Akanywa kahawa. Tukawapita farasi, mmoja akageuza shingo kututazama.

"Mwari," akasema. "Wale ndege juu ya nguzo."

"Wapi nguzo, Lem? Mwaka huu hakuna nguzo."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji."

Nilicheka. Ndiyo kanuni, anayeshindwa hutoa mji, lakini kwenye ufuo Lem hakuwahi kutoa mji hata mmoja. "Mji gani?"

"Chukua Norfolk."

Kicheko kikanikauka. Norfolk ndiko aliko binti yetu Darlene, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maegesho ya magari. Kila akipiga simu anatuita: njooni mkae hapa, umri umekwenda. Lem alikuwa akimjibu kwamba ataenda Norfolk siku bahari itakapoenda. Na sasa ananipa Norfolk, kwenye mchezo, mkate ukiwa mkononi.

Nikamtazama. Uso wake ulielekea mbele, kichwa ameinamisha kidogo, sikio likiwa upande wa dirisha. Alikuwa kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha jirani. Nikakumbuka jinsi siku hizi anavyonipa mimi jedwali la maji kupwa na kujaa nisome, eti miwani imepotea. Nikakumbuka anavyosubiri mtu aseme kwanza ndipo amsalimu kwa jina.

Nilipogeuka mbele, visiki vilikuwa hapo. Vimetoka kwenye mchanga mahali ambapo havijawahi kutoka, safu nzima, vyeusi, na sisi tunavielekea moja kwa moja.

"Kulia!" nikapiga kelele. "Lem, kulia!"

Akazungusha usukani bila kuuliza. Kitu kilikwaruza mlango wake kwa sauti ya kutia meno ganzi, kioo cha pembeni kikaenda zake, nasi tukasimama kwenye mchanga mlaini chini ya tuta. Kahawa yote ilikuwa mapajani mwangu.

Royce naye alisimama, akaja mbio. Alitazama mlango, akatazama visiki, akapumua.

"Mzee, leo ulitaka kunipima? Ulikuwa unamwangalia mkeo, au nini?"

"Nilikuwa nakuamsha," Lem akasema. "Nilijua umelala."

"Sijalala, ila sitazami!" Royce akacheka. "Wewe ukiwa mbele mimi naendesha kama nimefumba macho. Nilikuwa namfunga mtoto viatu, nakwambia kweli, mkono mmoja huku."

Akarudi garini kwake. Niliwaona wale watoto kupitia kioo cha nyuma, wamebandika pua kwenye kioo chao wakitutazama kwa furaha, kana kwamba tumewachezea sarakasi.

Nilikuwa na la kusema na sikutaka kulisema. Nikilisema, nyumba yetu inaondoka. Mtu asiyeendesha mchangani haishi Carova. Hafiki kwa daktari, hafiki dukani, hafikishwi makaburini. Na katika nyumba yetu mchanga ulikuwa na dereva mmoja. Nikinyamaza, kesho atapita tena wa kwanza, na Royce atakuwa anafunga kiatu.

"Lem," nikasema, "tangu lini?"

Hakujifanya hakuelewa. Namshukuru kwa hilo. "Tangu bata bukini walipoondoka, baridi ilipokwisha. Naona pembeni kidogo. Katikati kuna moshi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, halafu? Tungekuwa wapi leo?"

"Norfolk."

"Basi." Akapapasa usukani. "Ufuo huu naujua, Verna. Nilidhani nao unanijua."

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Wimbi moja lilipanda hadi kwenye alama zetu, likalamba moja, likashuka.

"Shuka," nikamwambia. "Tubadilishane."

"Hujawahi."

"Na wewe hujawahi kukwangua mlango. Leo ni siku ya mambo mapya. Shuka."

Alizunguka mbele ya gari akiwa ameweka kiganja juu ya boneti, akaifuata mpaka mwisho. Nilitazama mkono ule, nikashindwa kuelewa nilikuwa natazama nini miezi yote hiyo. Nikasogea kwenye usukani, nikakanyaga mafuta kama ninavyokanyaga kwenye lami. Gari likachimba, likakaa kama kuku anayetaka kutaga.

"Acha! Acha kukanyaga!" Lem akasema. "Hapo unachimba kaburi."

Honi ya Royce ikalia. Akaja tena, safari hii bila kicheko. "Bibi Verna, kulikoni? Mzee anaumwa?"

Nilifungua mdomo. Lem akaniwahi.

"Macho yamestaafu, Royce. Usinifuate tena mimi. Mfuate huyu."

Royce akavua kofia, akaivaa. "Huyu? Mzee, huyu alishindwa kulitoa gari pale dukani, mjini Corolla, penye lami kavu!"

"Nilikuwa nimezibwa na lori!" nikasema.

"Ulizibwa na debe la takataka, bibi."

"Basi tangulia wewe, bingwa."

Royce akaangalia visiki, akaangalia bahari inayopanda, akaangalia wajukuu wake. "Hapana," akasema polepole. "Visiki mmeviona nyinyi kabla yangu."

Lem alishuka, akapiga magoti kwenye kila tairi akilipunguzia upepo zaidi. Hakuhitaji kipimo. Alitega sikio kwenye ile sauti ya kuvuja, na ikifika anapotaka husema, "Yatosha," akaenda kwenye lingine. Aliporudi alikuwa na mchanga hadi kwenye nyusi.

"Sasa kanyaga kama unakanyaga yai. Usukani uulegeze. Wewe angalia, mimi nitasikiliza. Mchanga mgumu unavuma. Ukinyamaza, kimbia kutoka hapo."

Gari likatetemeka, likafikiri, likatoka.

"Unavuma?" nikauliza.

"Unavuma. Mbele kuna nini?"

"Kisiki. Kingine. Pengo katikati."

"Upana wake?"

"Kama meza yetu na viti vyake."

"Linatutosha. Nenda."

Tukapita. Mbele kidogo niliona kitu cheusi, nikapinda kwa nguvu, tulipokifikia kumbe ni rundo la mwani. Nikatukana kimoyomoyo. Halafu nikatazama kwenye kioo cha ndani. Royce alifika pale pale, akapinda. Gari la pili likapinda. La tatu likapinda. Wote wakauzunguka ule mwani kwa adabu, kama wanaozunguka kaburi la mfalme.

"Wanafuata?" Lem akauliza.

"Wanafuata."

"Hata Royce?"

"Royce ndiye wa kwanza."

Aliinamisha kichwa upande wa dirisha, akasikiliza mchanga. Sikujua kama nitaweza tena kesho, wala siku ya upepo, wala wakati wa baridi ufuo unapokuwa mwembamba kama mshipi. Naye hakujua. Lakini lami ilikuwa imeanza kuonekana.

"Farasi," nikamwambia.

"Nini?"

"Wazee wanaonawa miguu. Walikuwa farasi, watano, na mwana mmoja tumboni nadhani, yule mwekundu."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kitendawili kizuri hicho."

"Na mji wako chukua. Siutaki."