Sahani za Wageni

Pumba zilikuwa mbichi tena. Dada Pumba alizifinya kiganjani, akazisikia zinashikana, akasonya. Pumba mbichi ukizitia kwenye mashine zinatoa mvuke, mvuke unatia mapovu, na sahani inatoka na vitobo kama mkate. Akazirudisha juu ya turubai, akavua ndala, akaanza kuzipindua kwa miguu juani.

Jina hilo alipewa na wenzake, maana kila jioni alirudi nyumbani na pumba za mpunga nywele nzima, na kilemba hakikusaidia kitu. Kazi yake ilikuwa kuchanganya: pumba zilizosagwa, nyuzi za katani zilizokatwa fupi kama kucha, na chembe za plastiki iliyotengenezwa kwa wanga wa mihogo. Mashine ikivipika pamoja inatoa tambi za rangi ya kahawia, tambi zinakatwakatwa, zinashindiliwa kwenye kalibu, zinakuwa sahani. Ukishamaliza kula ukaitupa, ardhi inaila. Ndiyo sifa yake yote, kwamba inaoza.

Zamani pumba zilikuwa za bure. Mwenye kinu akikuona na gunia anakushukuru kwa kumpunguzia uchafu, na ukimpigia soga vizuri anakupa na chenga za kuku wako. Siku hizi wachoma matofali wanazigombania, na mwenye kinu ameota mapembe. Anauza kwa gunia, na zile zilizonyeshewa ndizo anazowasukumia watu wa karakana. Jamani, tumefika mahali hata pumba zina bei.

Siku hiyo afisa wa viwango angekuja. Fundi, ambaye ndiye mwenye karakana, aliwaeleza wafanyakazi wake bila kuzunguka: bila muhuri wa afisa, jiko la hospitali halitachukua tena hata sahani moja, na jiko la hospitali likijitoa, karakana inafungwa. Wanunuzi wengine walikuwa wa kuokoteza tu. Dada Pumba alikuwa na watoto shuleni na mama mzee nyumbani, na kazi nyingine ya kukimbilia hakuiona.

Ushahidi wenyewe, kwamba sahani zinaoza kweli, ulikuwa nyumbani kwa Dada Pumba. Mvua zilipoanza, afisa alitaka sahani mbili zifukiwe kwenye udongo unaoota kitu, na pale karakana ni saruji tupu iliyokunywa oili miaka nenda miaka rudi. Mama yake Dada Pumba alikuwa na kibustani cha mchicha nyuma ya nyumba, mtaa wa pili tu. Afisa akazitia alama kwa msumari upande wa chini, akasimamia mpaka zikafukiwa, akachomeka kijiti, akasema asiziguse mtu mpaka mvua ziishe. Mama alisikiliza yote hayo huku akicheka.

"Kuoza, nimeoza mabinti watatu," alisema. "Sahani sijapata kuoza."

Hata afisa alicheka.

Huyo mama mtaa mzima ulimwita Mama Kamba. Kabla ya kuwa karakana, pale palikuwa kiwanda cha kamba, naye alisokota katani humo tangu usichana wake. Dada Pumba alilelewa na harufu ile. Alikuwa akimsubiri mama yake langoni, king'ora kinalia, mtaa mzima unajua ni saa ya kuinjika chungu, na mama anatoka na nyuzi nyeupe zimemng'ang'ania gauni, mikono mikavu, akikupapasa shavu unakwaruzika na unapenda. Nyumbani kila kitu kilikuwa cha katani: kamba ya kuanikia nguo, bembea, hata mwanasesere wake wa kwanza. Raha iliyoje siku zile, na hakuna aliyejua kuwa ni raha. Kisha nailoni ikaingia. Kamba ya bluu, nyepesi, rahisi, tena haiozi. Watu wakaishangilia, kiwanda kikafa, Mama Kamba akarudi nyumbani na mikono yake. Ndiyo maana siku binti alipomletea sahani ya kwanza aione, yule mama aliipeleka dirishani kwenye mwanga, akaziangalia zile nyuzi moja moja kwa furaha.

Afisa alifika mchana, viatu vinang'aa, chupa ya maji mkononi. Mashine ilikuwa na moto na Fundi hakuweza kuiacha, kwa hiyo alimwomba Dada Pumba amsindikize. Akamshika bega, akarudi kwenye mashine.

Mama Kamba hakukubali mgeni aanze na jembe. Mgeni anakaa kwanza, anaweka kitu mdomoni, ndipo mengine. Akafungua kabati la vyombo vya wageni, lile ambalo wanawe tangu utoto hawakuthubutu kuligusa, akamwandalia papai na karanga kibarazani. Dada Pumba wakati huo alikuwa nyuma anatafuta jembe, na akili yake yote ilikuwa bustanini. Afisa alikula, akalisifu papai.

Kisha wakachimba. Dada Pumba alianza taratibu kandokando ya kijiti, baadaye akaacha jembe akatumia vidole. Udongo mweusi, nyungunyungu, mizizi ya mchicha. Sahani hakuna. Hata kipande.

Afisa alichuchumaa, akaupekua udongo kwa kalamu, akaguna. Alisema amefukia vitu vingi katika kazi hii, na vingi akirudi anavikuta vinamtazama tu. Hajapata kuona ardhi ikila kitu namna hii. Akasimama, akajipangusa magoti, akafungua mkoba kutafuta muhuri. Dada Pumba alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mnatafuta nini humo?" Mama Kamba aliuliza kutoka mlangoni.

"Zile sahani, mama. Zimeoza zote."

"Zioze zina nini? Sahani si hizo bwana alizolia papai?"

Akaeleza yote, tena kwa fahari. Afisa alipoondoka ile siku ya kwanza, kesho yake asubuhi yeye alizifukua, akaziosha, akazianika, akaziweka kabatini. Vitu vizuri hivyo, vina katani ndani, mtu mwenye akili zake atavizika? "Wageni wangu wote wa mchana wamezilia," alisema. "Hazijapata hata ufa. Mwanangu anajua kazi."

Afisa alirudi kibarazani, akamwaga karanga zilizobaki mezani, akaipindua sahani. Alama ya msumari ilikuwa pale pale.

Dada Pumba alimweleza kwamba kabatini hakuna udongo wala maji, kwamba hazikulala ardhini hata siku mbili, kwamba zifukiwe upya leo hii na yeye mwenyewe atazilinda. Afisa alimsikiliza kwa adabu. Alisema jaribio linaanza na mvua, na mvua zimekwisha. Waombe tena mwakani.

"Sasa hivi ulikuwa unatoa muhuri," Dada Pumba alisema.

"Sasa hivi nilikuwa sijaona kitu. Mimi naandika ninachokiona, dada."

"Na ile mifuko ya dukani iliyoandikwa inaoza, ilifukiwa wapi?"

Afisa alikunywa maji yake. "Ile ina karatasi zake," alisema, akafunga mkoba, akaaga vizuri kabisa, akashukuru kwa papai.

Dada Pumba alibaki kibarazani. Aliitafuta hasira ya kumtupia mama yake, akaikosa. Mama alikuwa ameinamia karai anaziosha zile sahani, kidole gumba kinapita juu ya nyuzi, kinarudi, kinapita tena. Angeanzia wapi? Nailoni ilimfukuza mama kazini kwa kuwa haiozi. Sasa amwambie kwamba katani nayo imemfukuza binti yake, kwa kosa lile lile?

"Bwana amesemaje?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Amesema haziozi, mama."

Mama Kamba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ulifikiri katani mchezo? Mwambie Fundi aniletee nyingine nne. Mbili hazitoshi wageni wakiwa wengi."

"Nitamwambia," alisema Dada Pumba, akachukua jembe akaenda kufukia shimo.