Hotuba ya Madaraka, Croydon

Mzee Fanuel hakuwa na jukwaa, kipaza sauti, bendi ya polisi wala watoto wa shule wa kupiga gwaride. Alikuwa na hotuba ya Rais tu, ambayo kila Siku ya Madaraka aliwasomea Wakenya wenzake wa Uingereza bustanini, kama bwana D.O., mkuu wa tarafa, alivyowasomea watu wa kwao Webuye. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake.

Mwaka huu, alipofika ukurasa wa pili, Dinah, mmoja wa Wakenya hao, aliita kutoka kwenye jiko la nyama choma:

“Mzee wetu, hiyo tulishaiona kwa simu asubuhi! Njoo ule, mbavu zinapoa.”

Watu wakacheka. Fanuel alikunja karatasi, akala, miguu ikimuuma kwa kusimama.

Nyumbani alimwandikia mwenyekiti wa chama chao, Wanjohi, kwamba msomaji amechoka, mwakani waanze na nyama. Akaifunga bahasha, akaenda kuiposti.